Managu, Saga na Terere: Jinsi ya Kufikisha Nguvu ya Mboga za Kienyeji Hadi Sahanini

Saa kumi na mbili jioni, kwenye kibanda cha mboga Kangemi. Mama mboga ameshika fungu la managu kwa kiganja cha kushoto, kisu kikali mkono wa kulia, na anakatakata bila hata kutazama. Majani yanadondoka kwenye karai membamba kama uzi. "Nikuoshee pia, mama?" anauliza. Anamimina maji, anakamua kwa mikono miwili, na maji ya kijani yanateremka mtaroni. Mteja analipa, anachukua mfuko wake, anapanda zake mteremko kwenda nyumbani akishukuru kwamba kazi imepungua. Sehemu nzuri ya alicholipia imebaki kwenye mtaro.

Mwongozo huu unahusu maji yale ya kijani. Mjini Nairobi siku hizi kila mtu anajua kwamba mboga za kienyeji ni dawa, kwamba zimejaa antioksidanti. Utaambiwa hivyo kwenye matatu, kanisani, kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ila wengi wetu tunazinunua zikiwa na nguvu na kuzila zikiwa makapi, kwa sababu ya mambo madogo yanayofanyika kati ya soko na sahani. Mimi si daktari. Nimekulia kwa wapishi wa mboga hizi, nimeziharibu mara nyingi, na nimesoma vya kutosha kujua nilikuwa naziharibu wapi.

Kwanza, hizo antioksidanti ni nini?

Kata parachichi vipande viwili. Kimoja kiache hivyo hivyo, kingine kikamulie ndimu. Baada ya saa moja cha kwanza kimepiga weusi, cha pili bado kina rangi yake. Hewa imelishambulia tunda, na vitamini C ya ndimu imejitoa mhanga kabla tunda halijaguswa. Hiyo ndiyo kazi ya antioksidanti.

Mwilini mambo yako karibu na hivyo. Seli zinapotumia oksijeni kupata nishati, huzalisha chembe zisizotulia zinazoitwa radikali huru. Moshi wa sigara, moshi wa magari na jua kali huziongeza. Chembe hizi hupokonya elektroni popote zinapopata: kwenye mafuta ya utando wa seli, kwenye protini, hata kwenye DNA. Antioksidanti huzipa elektroni hiyo bila zenyewe kugeuka wakorofi wapya. Mwili hutengeneza baadhi yake wenyewe, na nyingine hutoka kwenye chakula.

Ndani ya jani la terere au saga kuna makundi matatu ya kukumbuka, kwa sababu kila moja lina tabia yake jikoni. Vitamini C huyeyuka majini na huharibiwa na joto na hewa. Beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haiyeyuki majini bali kwenye mafuta, na huvumilia joto vizuri zaidi. Rangi yake ni ya chungwa, ila kwenye jani hufunikwa na kijani. Kundi la tatu ni polifenoli, pamoja na jamaa zake flavonoidi kama kwasetini na rutini. Hizi nyingi huhamia kwenye maji ya kuchemshia. Ukielewa tabia hizo tatu, karibu kila ushauri utakaousoma huku chini utaweza kuubuni mwenyewe.

Na kabla hujakimbilia duka la dawa kununua hivyo vitu vikiwa vidonge, sikiliza hii. Nchini Ufini wavutaji sigara wanaume zaidi ya 29,000 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, baadhi yao wakipewa vidonge vya beta-karotini kwa matumaini ya kuwakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Jani lina mamia ya vitu vinavyofanya kazi pamoja kwa viwango vidogo. Kidonge kina kimoja, kwa wingi. Kwa hiyo tubaki sokoni.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Majina ni vurugu tupu, na mjini vurugu hiyo huzidi kwa sababu kila muuzaji ana jina la kwao. Managu ndiyo mnavu wa Waswahili wa pwani, osuga kwa Waluo, rinagu kwa Wakisii. Saga au saget ndiyo mgagani, nayo Wakisii huiita chinsaga na Waluo dek. Terere ni mchicha, na ukisikia dodo ni huyo huyo. Mrenda utausikia ukiitwa murere na apoth. Mitoo ni miro. Kuna kunde, ambayo hapa tunazungumzia majani yake, seveve yaani majani ya malenge, nderemia yenye majani manene ya kuteleza, na kanzira, ambayo watu huifananisha na sukuma wiki ila ni laini zaidi.

Nyingi kati ya hizi zimewahi kuitwa magugu na vitabu vya kilimo, na chakula cha maskini na watoto wa mjini. Waliozirudishia heshima ni wakulima pamoja na watafiti, akiwemo Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta pale Juja, ambaye amesimulia kwamba utotoni vyakula vya wanyama vilimdhuru, akalelewa kwa mboga hizi. Mwaka 2021 UNESCO iliitaja kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano wa kuigwa.

Ukitaka kuona tofauti kwa namba, chukua terere mbichi gramu 100. Ina kalisiamu karibu miligramu 215, chuma miligramu 2.3 na vitamini C miligramu 43. Kabeji ya uzito huo huo ina kalisiamu kama miligramu 40 na chuma nusu miligramu tu. Kwenye vitamini C kabeji haiko mbali, lazima tuwe waadilifu. Na kwa kuwa tumeanza uadilifu: sukuma wiki si adui. Kuna watu wakishajua managu wanaanza kumsema vibaya sukuma, mboga iliyowalea na kuwasomesha. Ni utovu wa shukrani. Sukuma ana vitamini C nyingi na beta-karotini nyingi. Tatizo ni kumla yeye peke yake siku saba.

Hatua ya 2: Nunua mapema, na uliza imetoka wapi

Jani likishachumwa huendelea kupumua na kujila lenyewe. Vitamini C ndiyo hutangulia kwenda. Fungu lililokaa juani kwenye gunia tangu alfajiri mpaka jioni, likinyunyiziwa maji ili lionekane hai, limeshapoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo hata kama bado ni la kijani. Ukiweza, nunua asubuhi. Ukishindwa, na wengi wetu tunashindwa kwa sababu ya kazi, chagua fungu lililokuwa kivulini, kisha vunja bua moja. Likikatika kwa mlio, mboga ni changa. Likipinda kama kamba, achana nalo. Tazama pia vitunda: managu yenye vitunda vingi vya kijani imekomaa kupita kiasi, na vitunda hivyo vibichi vina solanini, sumu inayoweza kuumiza tumbo. Vitunda vilivyoiva, vya zambarau au chungwa kutegemea aina, watoto mashambani huvila bila shida. Vya kijani vitoe, hata kama ni kazi.

Sasa jambo ambalo watu hawapendi kulizungumzia. Sehemu ya mboga zinazouzwa Nairobi hupandwa kando ya mito na kumwagiliwa maji ya mito hiyo, na sisi sote tunajua maji hayo yamepita wapi. Nyingine hupandwa ukingoni mwa barabara. Kuna hatari mbili tofauti hapa na zinatibiwa tofauti. Vijidudu vya maji taka, pamoja na mayai ya minyoo, vipo juu ya jani: kuosha hupunguza na moto humaliza. Metali nzito kama risasi na kadmiamu zikiwa kwenye udongo hupandishwa na mizizi na kuingia ndani ya jani, na huko hakuna kuosha wala kuchemsha kunakozitoa. Hapo kinga ni moja tu, nayo ni kujua chanzo.

Basi uliza. "Mama, hii saga ni ya wapi?" Muuzaji anayetaja Kisii, Bomet, Vihiga au Kiambu bila kusita, na kukueleza ilifika na gari gani, kwa kawaida anasema kweli. Anayejibu "ni ya hapa tu" na kubadilisha mazungumzo, nami huwa nabadilisha kibanda. Ukiwa na muuzaji mmoja wa kudumu umejiondolea nusu ya tatizo, kwa sababu atakuwekea na atakuonya.

Onyo la mwisho la sokoni: usichume mwenyewe mboga usiyoijua vizuri kwenye jalala au uwanja mtupu. Datura, gugu lenye maua meupe mfano wa tarumbeta na matunda ya miiba, huota mahali hapo hapo penye terere pori, na mche wake ukiwa mdogo humdanganya mtu. Hiyo ni sumu kweli kweli.

Hatua ya 3: Osha kwanza, kata baadaye

Hapa ndipo tunarudi Kangemi. Jani zima lina ngozi inayozuia vitu vyake visitoke. Ukishalikata umefungua maelfu ya milango, na ukiliosha baada ya hapo, vitamini C na polifenoli hutoka na maji. Kukamua ni kumalizia.

Kwa hiyo mwambie mama mboga, "Nipe nzima, nitakata nyumbani." Kama huna muda kabisa, basi mwombe aoshe fungu likiwa zima kabla ya kukata, na akate mapana. Wengi hukubali, ingawa kuna mmoja alinitazama kama niliyemtukana.

Nyumbani: chambua majani kutoka kwenye bua, tupa yaliyotoboka au kuwa manjano. Weka kwenye beseni la maji mengi, yatikise, yainue kwa mikono na kuyahamishia beseni la pili. Usimwage maji juu ya mboga, kwa kuwa mchanga ulioshuka chini utaurudisha juu. Rudia mpaka chini ya beseni hakuna chembe. Saga ina vinyweleo vinavyonasa vumbi, kwa hiyo haitoshi mara moja. Kisha kata, ukiwa tayari kupika, si asubuhi kwa ajili ya jioni.

Hatua ya 4: Kupika

Shangazi yangu alikuwa na imani moja tu kuhusu managu: uchungu ni uchafu. Alichemsha, akamwaga. Akachemsha tena, akamwaga. Mara ya tatu aliongeza magadi kidogo, mboga ikageuka kijani cha kupendeza cha kwenye kalenda, akaikaanga kwa nyanya tatu. Tulikula kwa furaha. Leo nikikumbuka naona kwamba tulikuwa tukila nyanya.

Uchungu wa managu na saga kwa sehemu ni hizo kemikali tunazozisifia. Kwenye saga kuna glukosinoleti, jamaa ya zile za haradali. Ndiyo maana ukiifikicha mbichi hupiga pua, na ndiyo maana wafugaji wameitumia kufukuza kupe. Kuna pia tanini na polifenoli nyingine. Ukiuondoa uchungu wote umeondoa na dawa. Lengo ni kuupunguza mpaka mdomo ukubali.

Njia yangu ya managu na terere ni hii. Kwa mafungu manne, yanayotosha watu wanne au watano, changanya managu sehemu moja na terere sehemu mbili. Terere haina uchungu na hubeba mzigo wa mwenzake. Chemsha maji kikombe kimoja tu kwenye sufuria pana, chumvi kidogo, na yakishatokota ndipo utie mboga. Kuanzia maji ya baridi huzipa mboga muda mrefu wa kuoga. Funika. Baada ya dakika mbili geuza zilizo juu ziende chini. Dakika tano hadi nane, jani linakuwa laini na maji yamebaki kidogo sana. Hayo usiyamwage. Kwenye sufuria nyingine kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja kikubwa na nusu cha mafuta mpaka kiwe laini, tia nyanya moja au mbili, zikivunjika mimina mboga pamoja na maji yake, dakika tatu, zima moto. Kamulia nusu ndimu ukishazima, si kabla.

Mafuta hayo si anasa. Beta-karotini haiingii mwilini vizuri bila mafuta, ila haihitaji mengi: gramu 3 hadi 5 kwa mlo wa mtu zinatosha, yaani kama kijiko kidogo kimoja kwa kila mlaji. Anayekula mboga za kuchemsha tupu kwa sababu ya kujali afya amejinyima kitu kilekile alichokuwa akikitafuta. Na kwa upande wa pili, mboga zinazoogelea kwenye mafuta mpaka ugali unateleza hazimsaidii mtu yeyote.

Saga ni hadithi nyingine na inastahili subira. Chambua, osha, chemsha kwa maji kidogo dakika kumi hadi kumi na tano kwa kuwa jani lake ni gumu kidogo. Ikiwa uchungu wake unakushinda, mwaga maji ya kwanza mara moja, na iwe basi. Kisha mimina maziwa kikombe kimoja au krimu kidogo, acha moto mdogo sana mpaka maziwa yanywewe. Wakisii na Wakalenjin huiacha ilale hadi kesho na kuipasha tena kwa maziwa mapya, na wako sahihi: protini za maziwa hushikana na vile vitu vichungu, na ladha inakuwa ya mviringo, haikukati tena ulimi. Mafuta ya maziwa nayo hubeba beta-karotini. Lakini wao walikuwa na nyumba zenye baridi ya milimani. Wewe uko kwenye chumba cha mabati Mukuru mwezi wa pili na huna friji. Maziwa yataharibika. Ipike, ile siku hiyo hiyo, au uitie maziwa asubuhi ya kuila.

Mrenda na kunde ndipo penye mgogoro wa magadi. Magharibi mwa Kenya hutumika munyu, maji ya majivu yaliyochujwa, na mjini watu hutumia magadi. Vyote ni alkali: hulainisha jani gumu la kunde haraka na hutunza rangi, lakini huiangamiza vitamini C pamoja na vitamini B1. Siwezi kumwambia Mluhya apike mrenda bila munyu, nami mwenyewe sitaki kuula. Ushauri wangu ni mdogo tu: nunua kunde changa ili usihitaji alkali nyingi, tumia chembe ya ncha ya kisu badala ya kijiko, na siku hiyo vitamini C itafute kwingine, kwa mfano kachumbari au chungwa. Mrenda wenyewe ni wepesi: maji kidogo yatokote, tia munyu, nyunyiza majani, koroga kwa mwiko na usiondoke, kwa sababu utafura na kuzima jiko lako. Dakika tano zinatosha. Ule mtelezo wake ni nyuzinyuzi laini, na ndiyo sababu wazee wanampa mrenda mtu aliyefunga choo.

Hatua ya 5: Kula na nini, na usile na nini

Hii ni fupi. Chuma cha mboga huingia mwilini kwa shida, na vitamini C ndiyo hukifungulia mlango: ndimu, nyanya, pilipili hoho, kipande cha pera au chungwa baada ya chakula. Chai na kahawa huufunga. Tanini zake hushikana na chuma tumboni. Najua chai ya jioni baada ya ugali ni desturi ya nusu ya jiji hili, lakini isogeze mbele kwa saa moja hivi, hasa kama nyumbani kuna mama mjamzito au msichana anayepata hedhi nzito.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza matunda na mboga gramu 400 kwa siku kwa mtu mzima. Kijiko kimoja cha managu pembeni ya mlima wa ugali hakifiki huko.

Hatua ya 6: Ikitumika kama dawa, ijulikane mpaka wake

Utasikia kwamba managu huponya vidonda vya tumbo, saga huongeza damu, mitoo hutuliza tumbo, terere huondoa shinikizo la damu. Baadhi ya haya yana msingi. Maabara nyingi zimepima dondoo za majani haya kwenye chupa na kwa panya, na kweli zinazuia radikali huru na kupunguza uvimbe. Chupa na panya si wewe. Dondoo la maabara limekolezwa, nawe unakula jani. Ninachoweza kukuambia kwa moyo mkunjufu ni kwamba mtu anayekula mboga hizi kila siku kwa miaka anajijengea mwili ulio tayari. Anayezianza baada ya kuambiwa ana kisukari, na kuacha dawa alizoandikiwa, anacheza.

Chukua hili la kuongeza damu. Wakisii na Wakalenjin humpa mama aliyejifungua saga, na ni busara: kuna chuma, kuna foleti, kuna kalisiamu. Ila mjamzito akienda kliniki hupewa kidonge chenye miligramu 60 za chuma pamoja na foliki asidi. Ili upate miligramu hizo kwenye terere itabidi ule zaidi ya kilo mbili na nusu kwa siku, na bado sehemu ndogo tu ndiyo itaingia. Kwa hiyo kidonge na saga, vyote viwili. Asikudanganye mtu kwamba kimoja kinafuta kingine.

Mjomba wangu tulitaka kumwua kwa upendo. Alipata damu iliyoganda mguuni, akaanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Familia ikakaa ikaamua apewe terere na managu mchana na jioni ili apone haraka. Aliporudi kupimwa damu yake ilikuwa imerudi kuwa nzito, na daktari akamwuliza swali moja tu: "Mzee, umebadilisha chakula?" Terere gramu 100 ina vitamini K mikrogramu zaidi ya 1,000, wakati mtu mzima anahitaji kama 90 hadi 120 kwa siku, na vitamini K ndiyo hasa warfarini inapambana nayo. Hakukatazwa mboga. Aliambiwa ale kiasi kile kile kila wiki, asipandishe wala kushusha ghafla, ili dawa ipimwe kulingana na hapo.

Wengine wa kuwa waangalifu: mwenye mawe ya figo ya aina ya oksaleti apunguze terere, aichemshe na kumwaga maji (huyu namruhusu), na aile pamoja na maziwa, kwa sababu kalisiamu hushika oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo. Mwenye figo zilizochoka asiguse mpango wowote wa mboga bila kumwuliza anayemtibu, kwa ajili ya potasiamu. Mtoto anayeanza kula, baada ya miezi sita, anaweza kupewa terere au nderemia iliyopondwa vizuri na tone la mafuta. Managu na saga zingoje kidogo, si kwa hatari bali kwa uchungu. Ukimtisha mdogo, hutampata akiwa mkubwa.

Hatua ya 7: Kuhifadhi

Kwenye friji, zisioshe kwanza. Zifunge kwa gazeti au kitambaa chenye unyevu kidogo, na uzile ndani ya siku mbili au tatu. Bila friji, simamisha mabua kwenye kikombe cha maji kama maua, mahali penye kivuli.

Za kukausha zichovye kwenye maji yanayotokota dakika moja au mbili, zichuje, zitandaze kivulini penye upepo juu ya wavu safi. Jua la moja kwa moja juu ya paa la mabati hukausha haraka na huua beta-karotini kwa haraka hiyo hiyo. Vitamini C usiitarajie tena, lakini kalisiamu na chuma vitabaki. Kunde zilizokaushwa ni akiba nzuri ya mwezi wa kwanza, karo ikishalipwa na mfuko ukabaki mtupu.

Hatua ya 8: Gunia moja mlangoni

Mboga bora zaidi ni ile unayochuma dakika kumi kabla ya kupika, na haihitaji shamba. Tafuta gunia la kilo 90, udongo sehemu tatu kwa mbolea ya samadi iliyooza sehemu moja. Weka gorogoro, yaani kopo la kupimia unga, lililotobolewa juu na chini katikati ya gunia, lijaze kokoto, jaza udongo kuzunguka, livute juu, jaza tena, mpaka ufike karibu na mdomo. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo itakayofikisha maji chini. Toboa matundu ubavuni kila shubiri moja, pandikiza miche ya managu humo, na juu nyunyizia mbegu za terere. Maji yaliyosuuza mchele yanafaa. Ya sabuni hapana.

Terere utaanza kuchuma baada ya wiki tatu au nne. Managu hukawia kidogo, na ukiikata ncha ikiwa kama shubiri huchipua matawi na kukupa majani kila wiki. Saga ikitaka kutoa maua, yachune kila uyaonapo ili iendelee kutoa majani, ila acha mimea miwili itoe mbegu. Maganda yake marefu membamba yakigeuka manjano yakate kabla hayajapasuka na kukumwagia mbegu zote chini. Yaanike kwenye bahasha, andika tarehe, uyasahau miezi kadhaa. Mbegu mpya ya saga hulala na haioti ukiipanda mara moja. Wengi huitupa wakidhani imekufa.